Injini nyepesi za mwako: zinapunguza mafuta, au zinapunguza kilo tu? (Uzi mrefu, mafundi mje)

FundiNdosho (Goma)

Wandugu, jambo sana.

Zile video mnazonitumia nimeziona zote. Ya injini inayobebwa kwa mkono mmoja, ya ile isiyo na vilbreke (mti mkuu unaozungushwa na pistoni), na ya Omega 1 ya Astron Aerospace huko Marekani, kilo 16 kwa nguvu za farasi 160 kwa maneno ya wenyewe. Zote zinaishia palepale: injini ya pistoni imekwisha, mafuta yatapungua nusu. Halafu motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anaingia atelye, yaani gereji yangu, kabureta inavuja, filta ya hewa imejaa vumbi la lava, anauliza: "Fundi, ile itafika lini Goma?"

Najibu hapa mara moja ili nisirudie kila siku. Kwa mwenye haraka, msimamo wangu ni huu: kupunguza uzito wa injini na kupunguza mafuta inayokula ni hesabu mbili. Kuna mahali zinakutana, na kuna mahali zinapigana kabisa.

Anzeni na mfano unaokera. Injini ya Wärtsilä RT-flex96C ya silinda 14, iliyofungwa kwenye meli Emma Mærsk mwaka 2006, ina tani 2,300. Tani, si kilo. Inatoa farasi karibu 109,000, na zaidi ya nusu ya nguvu iliyo ndani ya mafuta inageuka kuwa kazi. Moto (pikipiki) yetu ya cc 125 ikifikisha robo na kitu kidogo, tushukuru. Siri kubwa ni ukuta. Silinda ikiwa kubwa, gesi ni nyingi na ukuta unaoigusa ni mdogo kwa uwiano, basi joto linasukuma pistoni badala ya kukimbilia kwenye chuma. Silinda ikiwa ndogo, joto linatoka kupitia ukuta kabla halijafanya kazi. Ndiyo maana hata gesi ya ziwa letu, kule Karongi upande wa Rwanda, KivuWatt wanaichoma katika injini tatu kubwa za silinda 20 kila moja kupata megawati 26. Hakuna aliyefikiria kuweka vijiinjini mia vya kubeba mkononi.

Sasa, wepesi una kazi yake pale injini inapojibeba yenyewe: ndege isiyo na rubani, msumeno wa mbao, injini ya mtumbwi, au jenereta ndani ya gari la umeme. Hapo kila kilo unayoitoa ni kilo ya mafuta au ya mzigo unayoipata. Nitafika huko. Kwanza niseme kuhusu ile ya pembe tatu, maana ndiyo mama wa hizi ahadi zote.

---

FundiNdosho (Goma)

Felix Wankel, Mjerumani. Injini yake ya kwanza ya kuzunguka iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Hakuna pistoni inayopanda na kushuka, hakuna supape (vali). Kuna rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba kilichobonyea kiunoni, na kila upande wake unavuta, unabana, unalipua na kutoa moshi kwa zamu. Sehemu zinazotembea ni chache sana, haitetemi, na kwa nguvu ileile ni ndogo na nyepesi kuliko ya pistoni. Mwaka 1967 yalitoka magari mawili yaliyotangaza habari hiyo: NSU Ro 80 kule Ujerumani na Mazda Cosmo Sport kule Japani.

Ilikufaje, basi? Angalieni umbo la chumba cha mwako. Ni kirefu na chembamba, kimelala ubavuni mwa rota, na kinasafiri nayo. Mlipuko unaanza upande mmoja na kufika upande wa pili umeshapoa, kuta zimekula joto, mafuta mengine yanatoka mabichi kwenye bomba la moshi. Halafu kuna segima (vizibo) za ncha. Pistoni ina pete za duara zinazokaa kwenye mafuta ya kulainisha muda wote. Rota ina vipande vyembamba kwenye ncha tatu, vinakwaruza ukuta kwa kasi, na ili visikauke lazima uingize oili ndani ya chumba chenyewe iungue pamoja na esanse (petroli). Ro 80 za mwanzo ziliharibika injini kwa wingi kiasi kwamba gharama za kubadilisha zilikuwa mzigo kwa NSU, na mwaka 1969 kampuni iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen.

Mazda hawakuacha. Gari lao 787B la rota nne lilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991. RX-8 ikasimama mwaka 2012. Halafu 2023 wakairudisha kwa mlango mwingine: MX-30 R-EV, rota moja ya cc 830 ambayo haigusi magurudumu hata kidogo, kazi yake ni kuchaji betri. Mnaona? Wameitumia kwa sababu ni ndogo na inaingia sehemu finyu pamoja na mota ya umeme. Hawakuichagua kwa kuwa inakunywa kidogo.

Ya LiquidPiston ndiyo inayonivutia kama fundi. Baba na mwana, Nikolay na Alexander Shkolnik, jimbo la Connecticut. Wameigeuza Wankel ndani nje: rota ndiyo yenye umbo la karanga, na chumba ndicho chenye pembe tatu. Matokeo yake segima hazitembei na rota, zinakaa kwenye ukuta, unaweza kuzipelekea oili moja kwa moja pale zinapohitaji. Na chumba cha mwako kinabaki mahali pamoja, kwa hiyo unaweza kukibana zaidi na kukipa umbo zuri. Wanataka pia mafuta yaungue wakati chumba kimebanwa bado, kisha gesi ipanuke zaidi ya ilivyobanwa, ili moshi utoke umechoka. Kanuni hiyo ni sahihi, kwenye karatasi sina ugomvi nayo. X-Mini yao ni cc 70 na haifiki kilo mbili. Wakaifunga kwenye kigari kidogo cha mashindano (go-kart) na kikatembea.

Lakini pesa yao ya utafiti ilitoka wapi? DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, na jeshi lenyewe. Hao wanatafuta jenereta ambayo askari anaibeba mgongoni na ndege ndogo inayokaa angani muda mrefu. Motari wa hapa mtaani Katindo hayumo kwenye hesabu yao.

---

MzeeWaGereji (Dar es Salaam)

Mkuu umeeleza vizuri, ila naona unaionea Wankel. Rafiki yangu ana RX-8 hapa mjini, ile sauti peke yake inatosha. Halafu mbona husemi kitu kuhusu Koenigsegg? Ile injini waliyoitangaza mwaka 2020 kwa gari lao Gemera, lita 2, silinda tatu, farasi 600, kilo 70. Na ni pistoni za kawaida kabisa.

---

FundiNdosho (Goma)

Mzee wangu, sauti haijazwi kwenye tangi.

Ya Koenigsegg umenisaidia. Pale hakuna pistoni mpya. Walichoondoa ni mti wa kamu, ule unaofungua supape. Kila supape inafunguliwa peke yake kwa hewa na mafuta ya presha chini ya amri ya kompyuta, na turbo mbili zinajaza silinda. Faida ya kweli iko kwenye zile supape, maana unapokwenda polepole injini inaweza kufunga silinda, kuchelewesha supape, kufanya mzunguko mwingine kabisa. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Wepesi umekuja kama baraka ya kuwa na silinda tatu badala ya nane. Bei yake tuiache, tusije tukagombana na wake zetu.

---

MwanaKadutu (Bukavu)

Papa Fundi, mimi nauliza ya ziwani. Hapa Bukavu mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inatumia injini za nje za mapigo mawili, unachanganya esanse na oili, jioni kijana anaing'oa na kuipandisha mlima begani ili isiibiwe. Uzito kwetu si mchezo. Za mapigo manne zinasifiwa kwa kula kidogo lakini ni nzito na bei ni ya wazungu. Hakuna njia ya katikati?

---

FundiNdosho (Goma)

Hili ndilo swali bora la uzi mzima, na jibu lake ni la zamani kuliko hizo video.

Injini ya mapigo mawili ni nyepesi kwa sababu inalipua kila mzunguko, wakati ya mapigo manne inalipua kila mizunguko miwili, na haina supape wala mti wa kamu. Ubaya wake ni mmoja mkubwa. Pistoni ikishuka, tundu la kutolea moshi na tundu la kuingizia mchanganyiko yanakuwa wazi kwa wakati mmoja. Mchanganyiko mbichi unasukuma moshi nje, na wenyewe unatoka nao. Katika injini ya kabureta kati ya robo na theluthi ya esanse inaweza kupotea namna hiyo bila kuungua. Ile harufu na ule utando wa rangi unaouona juu ya maji pale bandarini, hiyo ni pesa yako inaelea.

Dawa: usiingize esanse pamoja na hewa. Acha hewa tupu ifagie moshi, tundu likishafungwa ndipo unyunyize esanse ndani ya silinda moja kwa moja. Kampuni ya Orbital ya Australia, aliyoianzisha Ralph Sarich, ndiyo iliyokomaza sindano ya namna hiyo, inayopuliza esanse kwa hewa ya presha hadi inakuwa ukungu. Na mradi wa Envirofit uliichukua kanuni hiyo ukaifunga kwenye moto za mapigo mawili za abiria kule Ufilipino, za watu wa kawaida kama sisi. Walibadilisha kichwa cha silinda na kuweka sindano, injini ikabaki ileile. Ulaji ukashuka kwa karibu theluthi. Hiyo ni injini nyepesi iliyobaki nyepesi NA ikapunguza mafuta. Sijaona video yake ikisambazwa hata na mtu mmoja.

Kwenye injini za boti Evinrude walifanya hivyo kwa E-TEC tangu 2003, hadi wenye kampuni, BRP, walipozifunga mwaka 2020. Kwa hiyo kununua mpya sahau. Na sindano inataka umeme thabiti na esanse safi, na nyote mnajua bidoni za kadhafi (wauza esanse wa barabarani) zina nini ndani.

---

KaminyoKatuba (Lubumbashi)

Bon, wandugu wa Kivu mumeongea sana, mwache na sisi wa makaminyo (malori) ya mpakani Kasumbalesa tuseme.

Kuna injini moja fundi ameiruka, na kwangu ndiyo yenye mwelekeo kuliko zote: pistoni mbili zinazotazamana ndani ya silinda moja. Hakuna kichwa cha silinda. Zinakaribiana, mazutu (dizeli) inanyunyizwa katikati, inalipuka, zinasukumwa mbali. Fikirini kichwa cha silinda kinachukua joto kiasi gani na kulipeleka kwenye radiyateri. Kiondoe, lile joto linabaki kufanya kazi. Na hakuna gasketi ya kichwa ya kuungua, kitu ambacho kila dereva wa hapa amelala nacho porini.

Si kitu kipya. Kampuni ya Hugo Junkers iliiweka angani, Jumo 205, dizeli ya ndege ya miaka ya 1930: silinda sita, pistoni 12, vilbreke mbili, moja juu na moja chini. Ilikuwa nyepesi kwa dizeli na ilikula kidogo. Waingereza wakaiweka kwenye malori ya Commer tangu 1954, ile TS3. Karne hii Achates Power ya San Diego waliifufua kwa hesabu za kompyuta, na lori lao lilifanya kazi ya kweli ya kubeba mizigo kwa Walmart kule California.

Shida yake ya zamani ilikuwa moshi na oili, maana pistoni inapita juu ya matundu na kukwangua oili kuitupa ndani yake. Wanasema wamelitibu. Mimi nitaamini nikiiona imepanda na tani 40 na haijavuta oili.

---

FundiNdosho (Goma)

Papa Kaminyo, hapo sina la kupinga. Niongeze tu kwamba kuna Wahispania, INNengine wa Granada, wamechukua pistoni hizohizo zinazotazamana wakaondoa hata vilbreke. Pistoni nane ndani ya silinda nne zinasukuma sahani mbili zenye mawimbi, sahani zinazungusha mti wa katikati. Wanasema cc 500, farasi 120, karibu kilo 40. Swali langu ni lile wimbi la sahani na kigurudumu kinachokanyaga juu yake: nguvu yote ya mlipuko inapita kwenye mstari mwembamba wa chuma kwa chuma. Vilbreke imeishi zaidi ya karne kwa sababu shinikizo lake linaenea kwenye utando wa oili. Ukitaka kuiondoa uje na jibu la hilo kwanza.

---

MwanafunziHimbi (Goma)

Kaka, si tunapoteza muda? Umeme utazimaliza zote. Kigali moto za umeme ziko barabarani.

---

FundiNdosho (Goma)

Mdogo wangu, mjini huenda ukawa sawa, na umeme wa maji wa Matebe kule Rutshuru upo. Peleka hiyo moto Masisi na gunia mbili za viazi, halafu unitafutie soketi njiani. Lakini swali lako linanileta kwenye jenereta, na hapo kuna kitu kizuri.

Injini ya moto inateseka kwa sababu inabadilisha kasi kila sekunde. Ya jenereta inakaa kasi moja, kwa hiyo unaweza kuinyoosha kwa kasi hiyo tu. Toyota mwaka 2014 walionyesha pistoni isiyofungwa kwenye chochote: haina biele (mkono wa pistoni), haina vilbreke. Inarushwa na mlipuko, inarudishwa na hewa iliyobanwa nyuma yake, na sumaku zilizofungwa juu yake zinapita ndani ya koili na kutoa umeme papo hapo. Kilowati 10, na walitaja ufanisi wa 42 kwa 100. Kwa kitu kidogo namna ile ni namba kubwa mno. Kwa kuwa hakuna vilbreke inayoamua pistoni iishie wapi, kompyuta inaweza kubadilisha mbano jinsi mafuta yalivyo. Na ndiyo ugumu wake: mlipuko mmoja ukikosea, pistoni haijui pa kusimama. Katika zote nilizotaja, hii ndiyo ningependa kuiona ikichukua nafasi ya grupu (jenereta) zile ndogo zinazopiga kelele usiku kucha mtaani Majengo.

---

MotariMajengo (Goma)

Fundi, uzi umekuwa mrefu na mimi bado nanunua esanse kwa kadhafi. Niambie ya moto yangu. Nikitafuta injini nyepesi nitaokoa ngapi?

---

FundiNdosho (Goma)

Haya, tupige hesabu yako. Moto kilo 115 hivi. Wewe 70. Abiria wawili, maana nakujua, 130. Mzigo 15. Jumla 330. Tuseme malaika amekushushia injini iliyopungua kilo 15, yaani karibu nusu ya hiyo uliyo nayo. Umetoa chini ya 5 kwa 100 ya uzito wote. Na hizo 5 hazigeuki kuwa 5 za esanse, kwa sababu kwenye tambarare sehemu kubwa unapigana na upepo, na upepo haujali kilo. Utaziona ukipanda Kibumba au ukisimama na kuondoka kila dakika pale sokoni Birere.

Sasa tazama unachopoteza kila siku. Inama usome maandishi kwenye karta (kasha la chini) ya injini yako. Kama ni ya Kichina nakisia utakuta 156FMI. Moja ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, M ni ya moto, I ni 125. Ni mtoto wa Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyochorwa makusudi kwa ajili ya watu wasiobadilisha oili. Fimbo za kusukuma supape badala ya mnyororo wa juu, kila kitu kinene. Haikuwa nyepesi kuliko wenzake wala haikuwa na nguvu kuliko wao, na ndiyo iliyoijaza Afrika.

Kabureta yake imepimwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari. Goma tuko karibu mita 1,500. Hewa hapa ni nyembamba kwa karibu 14 kwa 100, lakini jikleri, kile kitundu cha shaba kinachopima esanse, hakijui hilo. Ukifanya hesabu, mchanganyiko unazidi esanse kwa karibu 8 kwa 100. Hiyo peke yake inashinda zile kilo 15 za malaika, na jikleri inauzwa Birere bei ya soda.

---

MotariMajengo (Goma)

Naweka namba gani?

---

FundiNdosho (Goma)

Kwanza fungua buji (plagi) baada ya kukimbia sawasawa, uzime palepale bila kuacha injini itembee polepole. Ncha ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, esanse imezidi. Safisha filta kwanza urudie, maana filta iliyoziba inatoa weusi uleule na utalaumu jikleri bure. Bado nyeusi? Namba imechorwa kwenye shaba. Ukikuta 100, jaribu 97,5 au 95. Usishuke zaidi kwa tamaa. Ncha unayoitaka ni ya kahawia hafifu. Ikigeuka nyeupe, mchanganyiko umekauka, joto limepanda, na pistoni itatoboka.

---

MwanaKadutu (Bukavu)

Papa Fundi, sisi tunaoshuka Uvira je?

---

FundiNdosho (Goma)

Uvira iko karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, hewa nzito. Ile ndogo ya huku juu itakuunguzia pistoni kule kwenye joto la bonde. Weka ya kiwandani mfukoni pamoja na bisibisi, ukifika Kamanyola simama kivulini uibadilishe kabla ya kuendelea.